Hofu Tuliyoiondoa Msituni

Mnada wa sadaka ulikuwa umebakiza mkungu mmoja wa mshare na kuku wawili pale mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alipoomba nafasi ya tangazo. Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa, katika usharika mmoja wa huku mlimani Kilimanjaro ambao sitautaja, maana jambo lenyewe si lao peke yao. Mvua ya masika ilikuwa imekatika kidogo. Wanakipaimara walikuwa wametoka kupanda miche kando ya uzio, vidole vyao bado vina tope, na viriba vyeusi walivyovichana vimelala kwenye majani kila walikopita.

Ibada nzima ilikuwa yao. Waliingia kwa maandamano, kila mmoja na mche wake, huyu mgrivea, yule mparachichi. Mchungaji akaiombea miche ile, akasoma Mwanzo 2:15, pale Mungu anapomweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Wazazi walikuwa na furaha, na kwa haki kabisa.

Mwenyekiti akasema ukumbi utaanza kujengwa mvua zikiisha. Ule mringaringa wa nyuma ya ofisi utaondolewa, kwa sababu umesimama katikati ya msingi. Mbao zake zitatosha meza na viti vya ukumbi, na zitakazobaki zitauzwa, fedha iingie mfuko wa ujenzi.

Watu wakapiga makofi.

Mnada ukaendelea.

Hakuna aliyeona ajabu, na hilo ndilo lililonikaa moyoni wiki zote hizi. Nilizunguka nyuma ya ofisi kuutazama mti wenyewe. Watu watatu wakishikana mikono hawauzungushi. Gome limepasukapasuka, upande mmoja umejaa ukoga wa kijani, na kwenye panda ya kwanza nyuki wanaingia na kutoka katika tundu ambalo pengine liliachwa na tawi lililovunjika zamani. Maua yake meupe yalikuwa yameanguka juu ya bati la jiko la usharika hadi yakaziba mfereji wa maji ya mvua.

Wanaotaka ukumbi wana sababu. Kila msiba wa masika hukodiwa maturubai, na bado watu wanalowa. Sina ugomvi na ukumbi. Swali langu ni jingine: inawezekanaje watu walewale, asubuhi ileile, waiombee miche kwa machozi na kupigia makofi kukatwa kwa mti uliowazidi wote umri?

## Tunajua kupanda

Nisieleweke kwamba nadharau miche. Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) imefanya kwa mikono kile ambacho wengi wanakitolea matamko. Fredrick Shoo, aliyekuwa askofu wake na baadaye Mkuu wa KKKT kuanzia 2016, watu walimwita Askofu wa Miti, na chini ya uongozi wake upandaji wa miti ukawa sehemu ya malezi ya kipaimara. Kijana anajifunza Katekisimo, anajifunza pia kushika jembe. Kila tarehe 1 Aprili Siku ya Taifa ya Kupanda Miti inatukuta tayari mabondeni. Hilo ni jema, na liendelee.

Tena tuna sababu ya kuharakisha. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1912 imeshatoweka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji tunayokunywa haitoki kwenye barafu. Inatoka msituni. Msitu unanasa ukungu, unapokea mvua, unaiachia chini kwa chini taratibu hadi kwenye chemchemi. Maji hayo yanaingia katika mifongo yetu, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, yanashuka hadi mito ya Kikuletwa na Ruvu, yanajaza bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatoka humo kama mto Pangani na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani kabla ya kuifikia bahari. Mtu anayewasha taa Tanga ana deni kwa mti wa Kilimanjaro asioujua.

Kazi hiyo inafanywa na miti iliyokwisha kukua. Mche uliotoka kwenye kiriba jana utaifanya siku moja, ukimwagiliwa, mbuzi wasipoula, na mwenye shamba asipobadili mawazo. Wajukuu wa wale wanakipaimara ndio watakaouona ukiwa mkubwa kama ule mringaringa.

Wahubiri wetu wanapenda sana ule msemo kwamba Martin Luther alisema, hata kama dunia ingeisha kesho, leo angepanda mti wa tofaa. Msemo huo haupatikani katika maandishi yake. Ulianza kusambaa Ujerumani miaka ya 1940. Naelewa kwa nini tunaupenda. Kupanda kunatupa kazi ya kufanya, kunatupa picha ya kupiga na idadi ya kuripoti kwenye mkutano mkuu. Mti ulioachwa umesimama haupigiwi picha na mtu, na hakuna taarifa ya mwaka yenye safu ya miti ambayo haikukatwa.

## Shangazi

Nilikwenda kwa shangazi yangu, ambaye amekuwa mzee wa kanisa tangu nikiwa mdogo. Nilitaka kumuuliza juu ya kichaka cha matambiko kilichokuwa bondeni, mpakani mwa ukoo wetu, ambacho mimi sikukikuta. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Pale tulikuwa hatukati hata fimbo ya kuswagia mbuzi," akasema. "Ukikata, unaugua. Ndivyo tulivyoambiwa."

Baba yake, yaani babu yangu, alibatizwa ukubwani. Baada ya ubatizo alikifyeka kichaka kile mwenyewe.

"Mwinjilisti alisimama pembeni anaimba. Baba alitaka ukoo uone kwamba hafi."

"Na hakufa."

"Hakufa. Aliishi sana, akatusomesha wote. Hata sisi wasichana."

Nikamuuliza kama hapati uchungu akipaona pale palivyo sasa, pana mahindi na mmomonyoko umekula ukingo wa mto. Akaweka kisu chini.

"Mwanangu, wewe unapaona pazuri kwa sababu hukuwahi kupita pale jioni peke yako. Mimi nilikuwa nakimbia. Usiku naota. Yesu aliniondolea ile hofu, na sitaki mtu anirudishie."

Na chemchemi?

"Ilipungua. Lakini na huko juu watu walifungua mashamba, na bomba likachukuliwa hukohuko. Siwezi kuapa kwamba ni kichaka."

Makala nyingi za mambo haya zingeishia kwa kuwasifu wahenga na kuwalaumu wamisionari. Shangazi hanipi ruhusa hiyo. Alikuwepo. Anajua ilivyokuwa kuishi jirani na mahali panapokutisha, na anajua ladha ya siku ya kwanza ya kupita pale akiimba.

Nilishuka kwake jioni na wazo moja ambalo halijaniacha tena. Ule msitu ulikuwa na mlinzi, na mlinzi mwenyewe alikuwa hofu. Injili ikamwondoa, na ilikuwa haki yake kumwondoa.

Hatukuweka mwingine.

## Shoka na msalaba

Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika katika jarida la Science kwamba Ukristo wa Magharibi una sehemu kubwa ya lawama kwa uharibifu wa mazingira. Hoja yake ilikuwa kwamba zamani watu waliamini kila mti na kila chemchemi ina roho yake, hivyo ilibidi uombe radhi kabla ya kukata. Ukristo ulipozifukuza roho hizo, shoka likawa halina wa kulizuia. White mwenyewe alikuwa Mkristo, na mwisho wa makala yake alimpendekeza Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaikolojia, jambo ambalo Papa Yohane Paulo II alilitangaza rasmi mwaka 1979.

Wakristo wengi waliisoma hoja ile kama tusi. Mimi nikiisoma nasikia sauti ya babu yangu akifyeka.

Lakini kuna simulizi nyingine jirani yetu hapa, ng'ambo ya mpaka. Wangari Maathai alikulia Ihithe, Nyeri, karibu na mugumo mkubwa, mti wa jamii ya mtini, na kijito kilichoanzia jirani na mti huo. Alisimulia kwamba alipokuwa mtoto akitumwa kuni, mama yake alimkataza kuokota hata kijiti cha mugumo ule. Sababu aliyopewa ilikuwa moja: ni mti wa Mungu. Akasoma kwa masista Wakatoliki, akaenda kusoma kwa Wabenediktini Kansas, Marekani. Aliporudi akakuta mwenye shamba mpya ameukata mti ule kupisha zao la chai, na kijito kimekauka. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Nimelizungusha kichwani lile jibu la mama yake mara nyingi. Shangazi aliambiwa ataugua. Wangari aliambiwa mti una mwenyewe, na mwenyewe ni Mungu. Watoto wawili wamezuiwa kugusa mti, lakini wa pili hahitaji kukimbia akipita. Na jibu lile lingeweza kuvuka na mtu hadi kanisani bila kubadilishwa hata neno: "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA." Tunaiimba Zaburi hiyo ya 24 wakati wa sadaka. Tungeweza kuiimba pia mbele ya mringaringa.

## Walioacha

Kama Ukristo wenyewe ndio ulio na kasoro, Ethiopia isingekuwa kama ilivyo.

Kule imani ilishika mizizi katika karne ya 4, enzi za mfalme Ezana wa Aksum. Katika nyanda za juu za Amhara, hasa upande wa Gondar Kusini, ukitazama picha za setilaiti unaona mashamba ya kahawia yamekwenda hadi upeo wa macho, na katikati yake madoa mviringo ya kijani kibichi. Kila doa ni kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo na msitu unaolizunguka. Misitu ya asili iliyosalia katika maeneo yale ipo, kwa sehemu kubwa, kwenye viwanja vya makanisa. Mingi ni midogo, hekta chache tu, lakini humo ndimo ilimobaki mbegu ya miti ambayo nje haipo tena.

Makasisi wa huko huutaja msitu kuwa ni vazi la kanisa. Watu wanazikwa humo, wanasali humo, watawa wanaishi humo. Mtaalamu wa misitu Alemayehu Wassie, akishirikiana na Margaret Lowman wa Marekani na makasisi wenyewe, alisaidia kujenga kuta za mawe kuzunguka baadhi ya misitu hiyo ili ng'ombe wasiingie kula miche inayojiotea. Mawe yalitolewa kwenye mashamba ya wakulima, ambao walifurahi kuyaondoa. Naupenda mpango huo kwa sababu kazi yake kubwa ni kuzuia. Ukuta ukishakamilika, msitu unaachwa uote wenyewe.

Sisemi kule ni peponi. Mikaratusi inasogea hadi kwenye kuta, na baadhi ya makanisa yanajenga majengo makubwa zaidi ndani ya msitu wake mwenyewe. Kumbe hata kwao kuna kamati za ujenzi. Lakini kwa karne nyingi Wakristo maskini, wenye uhitaji wa kuni kama wetu au kuuzidi, wamekuwa na miti mikubwa hatua chache kutoka kwenye mlango wa kanisa na wameiacha. Heshima ilitosha kuwazuia.

## Amri za kuacha

Nikarudi kwenye Biblia kutafuta amri za kupanda miti.

Ni chache mno. Walawi 19:23 inataja kupanda miti ya chakula, lakini amri yenyewe inayofuata ni kuyaacha matunda yake miaka mitatu bila kuyala; ya mwaka wa nne ni ya Bwana, na ndipo mwaka wa tano unakula. Hata pale panapotajwa jembe, agizo ni kusubiri.

Baada ya hapo niliona jambo lilelile kila nilipofungua. Usivune pembe za shamba lako. Waachie maskini na mgeni. Mwaka wa saba usilime, nchi ipumzike. Ukiuzingira mji kwa vita, usiitie shoka miti yake ya matunda (Kumbukumbu la Torati 20:19). Jeshi liko vitani, lina haja ya mbao, na bado linaambiwa acha. Ukikuta kiota njiani na mama amelalia makinda au mayai, mwache mama aende zake.

Hiyo ya mwisho, Kumbukumbu la Torati 22:6 na 7, sikumbuki kuisikia ikihubiriwa hata siku moja. Isomeni hadi mwisho. Anayemwacha ndege aende anaahidiwa kufanikiwa na kuongezewa siku zake. Ni ahadi ileile iliyoambatanishwa na amri ya kuwaheshimu baba na mama, ambayo kila mwanakipaimara anaikariri. Mungu ameweka ahadi ileile kwa mwenye kumheshimu mzazi wake na kwa mwenye kumwacha ndege wa porini, na sisi tumefundisha ya kwanza tu.

Israeli hawakuzishika sabato za nchi. Mwisho wa kitabu cha Mambo ya Nyakati, uhamisho wa Babeli unaelezwa kwamba nchi ilipumzika miaka 70 hadi ikazifurahia sabato zake. Mungu aliidai ile likizo kwa niaba ya udongo. Nilipofika hapo ilibidi nifunge kitabu kwanza.

Kwa hiyo mlinzi tuliyeshindwa kumweka alikuwa ameandikwa muda wote. Hana mizimu wala ndoto mbaya za usiku. Anataka watu wanaoweza kuwa na shoka mkononi, sababu nzuri kichwani, na bado wakauacha mti kwa kuwa mwenye nchi amesema kuna vitu havikuwekwa kwa ajili yao.

Kuna anayeniambia kila mara kwamba haya yote ni bure, dunia itateketea, soma 2 Petro 3. Nimeisoma. Nimesoma pia Ufunuo 11:18, kwamba siku ya hukumu Mungu atawaharibu "hao waiharibuo nchi". Anayetumia mlango mmoja kuhalalisha shoka na ausome na huo mwingine.

## Jiko la usharika

Lipo jambo moja ambalo bila hilo maneno yangu yote ni mepesi, nalo ni kuni.

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa msitu tunaouita Nusu Maili, ili watu wa vijijini wapate humo kuni na mbao bila kugusa msitu wa juu. Mwaka 2005 mpaka wa hifadhi ya taifa ukapanuliwa kuingiza msitu wa juu. Kwa msitu ilikuwa afadhali. Kwa mama mwenye ng'ombe mmoja na watoto watano, kuni na majani vilisogea mbali, na asubuhi yake ikaanza mapema zaidi. Nikimhubiria mama huyo habari za kuacha, huku mimi napikia gesi mjini, ana haki ya kuniuliza nimeacha nini.

Basi tuanze na sisi tuliokusanyika, maana tuna bajeti. Jiko la usharika likipika sherehe ya kipaimara linateketeza magogo ya kutosha kaya moja kwa miezi. Hapo pana nafasi ya majiko banifu, pana nafasi ya gesi, pana nafasi ya mtambo wa biogesi kwa sharika zenye ng'ombe. Fedha ya mbao za mringaringa haitafika mbali. Fedha ya kuni ikiokolewa mwaka hadi mwaka ingefika.

Mti bado umesimama ninapoandika haya, kwa kuwa kibali cha kuukata hakijatoka. Mchoro wa ukumbi unaweza kusogezwa. Fundi mmoja amekubali kwamba inawezekana kwa gharama kidogo. Nimewaandikia baraza la wazee kuomba mambo mawili. La kwanza, usharika upime sehemu ya kiwanja chake, uizungushie masale kama tunavyoweka mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, na iandikwe kwenye kumbukumbu za usharika kwamba hapo hapajengwi na hapakatwi, kama vile hakuna mtu anayependekeza kujenga juu ya makaburi. La pili, kila mwanakipaimara, pamoja na mche wake, akabidhiwe mti mmoja mkubwa uliopo: kwenye kihamba chao, kando ya mfongo, popote. Ajue jina lake kwa Kichagga. Ajue nani anakaa ndani yake. Siku ya kipaimara aulizwe habari zake kama anavyoulizwa Amri Kumi.

Sijajibiwa bado. Wakati nasubiri, nina ombi kwenu mnaosoma. Kama usharika wenu, parokia yenu au kanisa lenu lina eneo la miti lililoachwa kwa makusudi, niandikieni. Liko wapi, nani aliamua, mliwashawishi vipi waliotaka kujenga, na siku ya sherehe kubwa kuni zenu zinatoka wapi?